Amri Walizosomeana Barazani

Bibi yangu kule Tongoni alikuwa akisuka mikeka na wenzake ukumbini baada ya adhuhuri, kila mmoja na ukili wake. Hawakuzungumza sana. Mmoja akikwama husema nionyeshe tena, na mwenzake hamnyang'anyi ukili; humtajia tu, pandisha, pitisha chini, vuta, mpaka vidole vyake mwenyewe vishike. Miye nilikuwa nalala pale chini nikisikiliza. Mwaka ule nilikuwa na homa, nikanyweshwa mwarobaini mpaka ulimi ukafa ganzi. Lakini homa si hadithi yangu. Ninayoitaka ni ile sauti ya watu wanaofanya kazi wamekaa.

Mke wangu alipotangulia mbele ya haki na wanangu wakahamia Dar es Salaam, nyumba hii ya Chumbageni ikanyamaza. Nikapangisha chumba cha mbele kwa Mbondei mmoja wa Muheza, mtu mzima mwenye ndevu, mwandishi wa programu za kompyuta. Shule yangu iliishia darasa la tatu, sikujua hiyo ni kazi gani. Nilidhani anatafuta mke mtandaoni.

Wenzake wawili wakaanza kuja baada ya alasiri: binti wa Kisambaa, wazazi wake walikuwa wakata mkonge, na Mdigo mmoja mwenye maneno. Wakawa wanakaa barazani kwangu, kompyuta mapajani, kahawa na kashata katikati. Kila mmoja alileta amri aliyoigundua, yaani maneno machache unayoiandikia kompyuta nayo ikatii. Moja ya kutafuta faili lililopotea, nyingine ya kubadilisha majina ya picha zote kwa mpigo. Desturi aliiweka yule mpangaji wangu: amri haitumwi, inasomwa kwa sauti, kila mtu aiandike kwa vidole vyake. Na kabla ya kusoma alimwuliza kila mmoja, "Uko wapi?" Maana yake yuko folda gani, kwa sababu zipo amri zinazofuta vyote vilivyo pale ulipo.

Siku moja nikajibu na miye, niko barazani kwangu.

"Babu, weye usiguse kitu," Mdigo akasema, "utatufutia Chumbageni nzima."

Wallahi nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia.

Ikaja masika. Kila mtu akajifungia kwake, wakawa wanatumiana amri kwenye kundi la simu. Miye kila adhana ya alasiri naweka birika kubwa, halafu nakumbuka mnywaji ni mmoja. Hata leo hunitokea.

Binti alikuwa akiwatengenezea programu wafanyabiashara wa machungwa. Akaomba kundini amri ya kusafisha mafaili ya takataka, mpangaji akamtumia. Binti akainakili kama ilivyo, akaipiga kwenye kompyuta yake. Kumbe alikuwa ndani ya folda yenye kazi yake yote, na nakala hakuweka popote.

Kesho yake alikuja na mvua yake. Hata shikamoo hakunipa.

"Umenifutia kazi yangu," akamwambia mpangaji.

"Nilikutumia amri. Pa kuipiga ulipachagua mwenyewe."

"Kila siku huniuliza niko wapi. Jana hukuniuliza."

Mdigo, aliyekuja nyuma ya binti, akaketi ukingoni akikamua maji ya shati. Miye sikujali nani mwenye haki. Nilitaka wakae tu, baraza isivunjike. Nikammiminia kila mtu kahawa. Nikamwambia mpangaji ampe mwenziwe pole, yaishe.

"Pole haitamrudishia kitu, babu," akasema.

Akafunga kompyuta yake, akaiweka kwapani. Kahawa hakuigusa. Nikamwuliza anakwenda wapi na mvua hii, akasema anakuja sasa hivi. Akavaa kandambili, akashuka ngazi, akaruka dimbwi la jirani, akakata kona ya msikiti. Hakurudi tena, hata kufuata vitu vyake chumbani.