Vidonge Katika Mkebe Mmoja

Baba yangu alianguka katika shamba la mkonge kule Mwatate akiwa na umri nilio nao sasa, na hakuinuka tena. Daktari alisema ni mafuta yaliyoziba mishipa ya moyo. Kwa hiyo kliniki moja hapa Voi ilipotafuta watu wazima wenye afya wa kujaribu dawa ya kuzuia kolesteroli isipandishwe na chakula, nilikuwa wa kwanza mlangoni. Mke wangu alinifuata, maana yeye haniachi niende peke yangu mahali penye sindano.

Tuliambiwa tule kama kawaida, na kawaida yangu ni mbuzi wa kuchoma na mafuta yake. Kila mmoja alipewa chupa yake ya vidonge. Muuguzi alieleza kwamba chupa nyingine zina dawa na nyingine zina unga mtupu, na kwamba hata yeye hajui ipi ni ipi.

Siku hiyo alinionyesha damu yangu baada ya kuizungusha kwenye mashine. Juu yake palikuwa na utando mweupe, kama maziwa yaliyolala. Niliduwaa. Miaka yote hiyo nimetembea nao ndani, nikicheka na watu sokoni, wala sikuhisi kitu. Nilitamani sana vidonge vyangu viwe vya kweli.

Tuliporudi kupimwa, muuguzi aliomba chupa ahesabu vidonge vilivyobaki. Mke wangu akatoa kikapuni mkebe wa majani chai.

"Chupa ziko wapi, mama?"

"Nilimwaga zote humu. Tunachota tu."

Muuguzi alifumba macho kidogo. Akatueleza kwa upole kwamba sasa hakuna awezaye kujua nani alimeza nini, na majibu yetu hayatatumika. Nilipandwa na hasira. Kwetu chakula huliwa sinia moja, sawa, lakini hata dawa? Nilimwuliza mke wangu hapo hapo akili zake zilikuwa wapi.

Hakuinua sauti. "Si tuliambiwa kuna chupa ziko na unga? Sasa baba watoto, kama yangu ndiyo iko na dawa, nikae nikikuangalia ukimeza unga?"

Nilipoiona damu yangu na ule utando, nilidhani nimeshaona ajabu yote. Nilichukua kikapu chake, nikakibeba mwenyewe mpaka nyumbani.