Damu Isiyohitaji Kukorogwa

Nilipoondoka Machame, baba yangu mdogo aliwaambia ndugu wote kwamba nitarudi na koti la baridi na si kitu kingine. Mjomba akaongeza kuwa kichwa changu kimeumbwa kubeba mkungu wa ndizi. Nilifika Ujerumani nikaanza kwa kuosha chupa za maabara. Jioni nikasoma, ada nikajilipia mwenyewe, nikapata diploma ya maabara, na zile chupa wakaziosha wengine. Hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Kazi yangu huko ilikuwa chembe sahani, vile vipande vidogo vya damu ambavyo ukijikata na panga hukimbilia kwenye jeraha na kuliziba. Sisi tulichunguza kazi yao nyingine. Kuna magonjwa ambayo kinga ya mwili humgeukia mwenyewe na kushambulia mishipa yake ya fahamu. Katika panya wetu wenye hali hiyo tuliona chembe sahani zikijikusanya kwenye vijishipa vya damu vya ubongo na uti wa mgongo, zikimwaga kemikali zinazowaita askari wa mwili. Askari wakija, mahali panavimba, na panya anaburuta miguu.

Nilikuwa nimesharudi, naishi Rau, nje kidogo ya mji, na kufanya kazi maabara mjini, dada yangu alipoanza kuburuta mguu. Ugonjwa ukawa wa namna ileile. Daktari akampangia dripu za kuituliza kinga, akaonya kwamba akichelewa, mguu unaweza usirudi.

Jumapili baada ya ibada niliwaeleza ndugu yote niliyoyajua kuhusu chembe sahani, na ninayajua mengi. Shangazi alisikiliza kuliko wote. Yeye ndiye mkorogaji wetu: mbuzi akichinjwa, hushika kijiti na kuikoroga damu isigande, hadi iingie kwenye kisusio, ile supu yetu ya damu. Hajawahi kuharibu hata sufuria moja.

"Kwa hiyo damu ya mtoto wangu inaganda ovyo," alisema.

Sikumjibu vizuri, maana chakula kilikuwa kimefika.

Kesho yake, siku ya dripu ya kwanza, nilimsubiri dada hospitali. Hakuja, na simu haikupokelewa. Nikapanda Machame. Nilimkuta juu ya bodaboda, amefungwa kwa khanga kwenye mgongo wa dereva, wanapanda na kushuka njia ya mawe. Shangazi amesimama kando ya migomba akielekeza.

"Pita kwenye mashimo, usiyakwepe."

"Shikamoo, shangazi. Mnafanya nini?"

"Marahaba. Tunakoroga."

"Kaka," dada akasema kutoka kule juu, "mguu bado vilevile, ila sasa na kiuno kimejiunga."

Nilimwomba dereva azime.

"Shangazi, damu ya mbuzi unaikoroga kwa sababu mbuzi amekufa. Ya huyu inazungushwa na moyo. Na shida yake si kuganda. Chembe sahani zake zinapiga yowe la mwizi wakati mwizi hayupo. Majirani wanakuja na mapanga, wanamkata mwenye nyumba."

"Basi mzibe mdomo huyo mpiga yowe."

"Siku akijikata akipalilia, nani ataiziba damu? Nilikotoka bado wanatafuta namna ya kuzinyamazisha kidogo bila kumdhuru mtu. Dawa iliyopo leo ni ya kuwatuliza wenye mapanga, na iko mjini inamsubiri."

Shangazi akafikiri. "Hao wenye mapanga sasa hivi wako wapi?"

"Kwenye uti wa mgongo wake."

Akafungua khanga. "Na wewe muda wote unatoa hotuba. Tafuta gari."

Gari tuliliazima kwa baba mdogo, ambaye alitaka kwanza kujua kama diploma inaruhusu kuendesha. Dada akapata dripu zake, kisha mazoezi, wiki baada ya wiki. Nyumba yake ikaendeshwa kwa vitu vya watu: kitanda kifupi cha mjomba, fimbo ya mzee wa kanisa, na ng'ombe wa maziwa wa jirani wa chini, maana wa kwake alikuwa amekauka.

Siku ya kurudisha vitu vya watu niliichagua mimi, na sikutaka mdai abaki hata mmoja. Gari nililiosha na kulijaza mafuta. Baba mdogo alilizunguka akitafuta mkwaruzo, akakosa, akasema koti langu la baridi lingempendeza. Nikampa. Mjomba alipata kitanda chake pamoja na godoro jipya, mzee wa kanisa akapata fimbo yake.

Akabaki ng'ombe. Nilishika kamba, dada akaninyang'anya.

"Nilimwazima mimi," akasema.

Alitangulia kwenye mteremko, mguu ukisita kidogo penye mawe, kisha ukikanyaga. Shangazi alimfuata kwa karibu, mikono tayari kumdaka, na hakupata wa kumdaka. Jirani alikuwa anachuma kahawa. Akaacha kikapu, akaja hadi uani, akaipokea kamba kutoka mkononi mwa dada yangu.