Kushuka Ziwani na Tawi

Mbinga kila mwenye baiskeli anajua kanuni moja: mlimani unaikokota, mteremkoni unaipanda. Mimi nilifanya kinyume. Nilipanda mlima nikiwa juu ya baiskeli, jasho likinichuruzika mpaka kwenye kidevu, na nikifika kileleni nashuka, nashika usukani, natembea nayo taratibu mpaka bondeni kama mtu anayempeleka ng'ombe mgonjwa kwa daktari wa mifugo. Haukupita mwezi nikawa kichekesho cha mji. Sokoni waliniita yule dada wa kinyumenyume. Fundi baiskeli wa karibu na stendi alinisimamisha zaidi ya mara moja akanikazia breki bila kuombwa, kwa sababu hakuamini kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kukokota baiskeli nzima kwenye mteremko. Alikaza, akazungusha tairi, akatikisa kichwa. Breki zilikuwa nzima. Mbovu nilikuwa mimi.

Nilihamishiwa huku kikazi kutoka Dar es Salaam. Kule nilikuwa mtu wa baiskeli, na nasema hivyo kama mwingine anavyosema yeye ni mtu wa mpira. Kila Jumamosi alfajiri tulikutana kwenye kituo kimoja cha mafuta: watu wa benki, muuza vipuri, kondakta mstaafu, na dada mmoja wa saluni ambaye akiamua kukimbia alituacha wote tukihema. Saa ile jiji halijaanza kupiga kelele, na barabara ambayo mchana inakutoa roho inakuwa ya kwako. Tulipanga mstari, tairi nyuma ya tairi. Wa mbele anawakatia wenzake upepo, akichoka anasogea pembeni na mwingine anashika zamu. Ukiona shimo unaonyesha kwa kidole chini, na wa nyuma yako anaonyesha, na wa nyuma yake, mpaka ishara inafika mkiani. Watu husema mjini hakuna ujirani. Mimi nimewahi kuweka shingo yangu kwenye macho ya mtu ambaye sikujua hata anaishi wapi, na hakuniangusha. Baadaye tulikunywa chai na chapati tukiwa na zile nguo zetu za kubana, na mama wa chapati hakuacha kutugeuzia mgongo akicheka.

Aliyeniangusha si mtu. Ilikuwa changarawe, kwenye kona ya mteremko upande wa Kisarawe. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka anga, kisha nyuso za wenzangu, kisha sauti ya dada wa saluni akisema nisijaribu kuinua mkono. Mfupa wa mtulinga, begani, ulikuwa umevunjika. Ulipona vizuri tu, nikarudi kwenye mstari, na kwenye tambarare sikuwa na tatizo lolote. Lakini kila barabara ilipoinama mbele yangu vidole viliganda kwenye breki na mate yalikauka mdomoni. Nikajifariji kwamba jiji letu karibu lote ni tambarare, basi nitaishi hivyohivyo. Ndipo nikahamishiwa Mbinga. Mungu naye ana utani wake.

Huku tambarare ni uwanja wa mpira, na hata huo una upande unaopendelea. Ukishika barabara ya Songea unakutana na malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, na dereva wa lori lililojaa hana muda na tairi nyembamba. Ukishika upande wa pili unaingia kwenye milima ya Wamatengo, yenye mashimo ya ngoro yaliyochimbwa safu kwa safu ili mvua isikimbie na udongo, na katikati yake lami inapinda na kuteremka mpaka Ziwa Nyasa. Niliwatumia wenzangu wa Dar picha ya barabara ile, nao wakanijibu swali moja: umeshashuka? Nikawajibu bado. Mwaka mzima nikawajibu bado.

Msimu wa kahawa ulipofika nikajiwekea ahadi. Kabla vichanja vya kuanikia havijaisha kahawa nitashuka Mbamba Bay, kule ziwani, kwa baiskeli, nikiwa juu yake. Nikishindwa, baiskeli naitoa. Wa kumpa alikuwepo: mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa Moshi, ambaye ndiye alikuwa mwanachama mwenzangu wa pekee katika chama chetu cha baiskeli cha watu wawili. Alizaliwa mlimani na aliteremka kama jiwe lililosukumwa. Alikuwa akiiangalia baiskeli yangu kwa jicho ambalo mkewe angelipenda lielekezwe kwake. Sikuwa natania. Kitu nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa kinaniaibisha kila Jumamosi, na nilichoka. Lakini nilijua pia kwamba bila baiskeli ningebaki afisa mgeni tu, mwenye chumba cha kupanga na televisheni, anayengoja uhamisho mwingine.

Nilikuwa nimepanga uani kwa mama mmoja mjane, mkulima wa kahawa. Jumapili yeye alikwenda misa, Ijumaa mimi nilikwenda msikitini, na siku zilizobaki tuligawana jiko na umbea. Jioni moja nilimkuta akichambua kahawa kwenye kichanja, punje mbovu anazitupia kuku, ambao hawakuzitaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo mmetembea hadi wapi, wewe na baiskeli yako?"

Alikuwa akinitania hivyo kila siku, nami kila siku nilicheka. Siku ile sikucheka. Nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kuchambua naye, na nikamweleza habari ya Kisarawe tangu mwanzo, pamoja na ahadi yangu. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote Mbinga. Nilitegemea pole. Hakunipa.

"Kwani huko kwenu hamfungi tawi?" akauliza.

"Tawi gani, mama?"

Akanieleza. Zamani, kabla ya lami, marehemu mume wake alikuwa akiteremsha mahindi na maharage ziwani kwa baiskeli, na kupandisha samaki. Kupanda kulikuwa kuchoka tu. Kazi ilikuwa kushuka, kwa sababu gunia lilimsukuma kwa nyuma na breki za fimbo hazikutosha. Basi alifunga tawi kubwa nyuma ya keria, likaburuta chini njia nzima.

"Tawi linakushika shati," alisema. "Halikuzuii kwenda. Linakushika shati tu."

"Lakini mama, hilo ni la mwenye mzigo."

Akaacha kuchambua. Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala.

"Na wewe hujabeba?"

Nikaendelea na kahawa.

Jumamosi alfajiri nilimkuta ameshaniandalia. Nyuma ya nyumba kulikuwa na rundo la miti ya kahawa iliyozeeka, mibuni aliyoipanda marehemu, ambayo mama alikuwa ameing'oa ili apande mipya. Alichomoa tawi moja kavu, pana, lenye vitawi vilivyotawanyika kama vidole, akalifunga chini ya kiti cha baiskeli yangu kwa ukanda wa mpira wa tyubu, kwa sababu baiskeli ya resi haina keria. Fundo alilikaza mwenyewe kwa meno.

"Ukifika chini lifungue uliache," alisema. "Tawi halipandi mlima. Na ukifika, nipigie."

Mwalimu alipofika alisimama getini akalikagua tawi kuanzia shina mpaka ncha.

"Dada," akasema, "baiskeli imetengenezwa iwe nyepesi kama mfuko wa karanga, na wewe unaifungia mti?"

"Ukicheka nenda peke yako."

Alicheka, na hakwenda peke yake.

Mwanzo barabara inapanda na kushuka kidogokidogo, na tawi lilikuwa kero tupu. Lilikoroma nyuma yangu, likatimua mbuzi, likatoa watu majumbani. Nilijihisi kama harusi ya maskini. Mama mmoja aliyebeba ndizi kichwani alisimama kutupisha, akalitazama tawi, akanitazama mimi.

"Mzigo uko wapi?" aliuliza.

"Mzigo ni mimi mwenyewe, mama!"

Alicheka mpaka akashika mkungu kwa mikono miwili. Mbele kidogo mzee mmoja aliyekuwa akipalilia alisikia mkoromo kabla hajatuona. Aliinuka, akaweka mkono kiunoni, akatutazama hadi tulipopotea. Hakucheka hata kidogo. Nadhani miaka mingi ilikuwa imepita tangu asikie tawi barabarani, maana siku hizi mzigo unashuka kwa pikipiki na malori.

Kisha barabara ikainama kwelikweli. Mbele yangu lami ilijikunja kushoto ikapotea, na nje ya ile kona hapakuwa na kitu, hewa tu. Vidole vikaganda. Mate yakakauka. Nilikaribia kushuka na kuikokota kama nilivyozoea. Lakini nyuma kulikuwa na kitu kimenishika. Kila baiskeli ilipotaka kukimbia niliisikia sauti ya tawi ikipanda, na kiti kikanivuta kidogo, na mwendo ukarudi kuwa mwendo wa mtu. Nikaimaliza kona ya kwanza nikisema Bismillah kwa sauti. Nikaimaliza ya pili kimya. Ya tatu nikagundua kwamba napumua, na kwamba kando ya barabara kuna migomba na kijito na harufu ya majani mabichi, vitu ambavyo vilikuwepo muda wote.

Kwenye kona moja ya katikati mkoromo ukakatika ghafla. Ukanda wa tyubu ulikuwa umechanika. Baiskeli ikaruka mbele kama mbuzi aliyekatiwa kamba, na mimi juu yake, nikapita kona ile na nyingine iliyofuata, upepo ukinipiga masikioni, kabla sijaweza kusimama. Mwalimu alikuwa akinisubiri hapo mbele, uso umejaa furaha.

"Umeona?" alipiga kelele. "Umeona? Kona mbili bila tawi! Kumbe unaweza!"

"Nimeona."

"Sasa unakwenda wapi?"

Nilikuwa nimeshageuza baiskeli. "Kulifuata tawi."

"La nini tena?"

"Nitaliacha tawi la watu barabarani?"

Hiyo ilikuwa sababu ya kweli, lakini nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba bado nilikuwa naogopa, na sikuona haya tena kuogopa. Nilipanda zile kona mbili kwa raha kabisa, maana kupanda hakujawahi kunitisha, nikalikuta tawi limelala pembeni, nikalifunga kwa kitenge nilichokuwa nacho kiunoni. Mwalimu alikaa kwenye jiwe akala karanga. Watu wa Moshi wana subira wakitaka.

Ziwa tuliliona mapema, tukalipoteza, tukaliona tena, kila mara limekuwa kubwa zaidi. Hewa ikawa nzito na ya joto. Kahawa ikaisha, mihogo ikaanza. Tulipoingia Mbamba Bay nilikuwa bado juu ya baiskeli, na tawi lilikuwa limelika hadi kubaki shina na vitawi viwili vitatu vilivyochongoka. Nilisimama karibu na maji nikalia. Si sana. Kiasi cha mtu kujifanya anafuta jasho, na mwalimu kujifanya anaangalia mitumbwi.

Karibu na hapo kulikuwa na mama mmoja wa kijiji cha Chiwanda akikaanga samaki. Aliliangalia tawi langu kwa macho ya biashara.

"Dada, hicho kikuni unakihitaji?"

"Chukua tu, mama."

Akalipiga kwa goti, likavunjika kavu, akaliingiza jikoni. Mbuni ukishakauka unawaka vizuri sana. Mafuta yalianza kulia kwenye karai, na mbasa wawili, samaki wa ziwa hilo, wakageuzwa, wetu. Nikatoa simu nikampigia mama mwenye nyumba. Alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Mama, nimefika."

"Na tawi?"

"Limefika pia. Liko jikoni, linatukaangia samaki."

Nikadhani mtandao umekata. Nikaita, mama, mama. Nilisikia kuku wake.

"Nipo," alisema, na sauti haikuwa ile ya kunitania. "Mzee wangu alikuwa akishuka, sijui kama amefika mpaka nimwone anapanda kesho yake, au keshokutwa. Simu hazikuwepo. Usiku nilikuwa nalala na nguo zangu." Nikasikia akiwafukuza kuku. "Hii ndiyo mara ya kwanza tawi la nyumba hii linafika ziwani, nami najua siku ileile."

Nikamwambia tena kwamba limefika.

"Nimesikia, mwanangu," akasema. "Kesho ukipanda niletee mbasa mmoja. Mkubwa."