Faini alilipa, jirani hakumlipa

Saa kumi na moja alfajiri, ukungu bado umelala juu ya Ziwa Kivu, na Nshobole amekwisha kuingia majini mpaka magotini. Analaza dumu lake la njano, analiacha lijae polepole, kisha analisimamisha na kukaza kifuniko kwa kiganja. Anachuchumaa, anapitisha mkanda kwenye paji la uso, anaegemeza mgongo kwenye dumu na kuinuka kwa mkupuo mmoja. Lita ishirini zinainuka naye.

Kwenye mpini wa dumu hilo kumefungwa kipande cha kitenge chekundu. Kila nyumba huko mtaani kwake ina alama yake, na hiyo ndiyo alama ya kwake.

Wanawake wengine wanaochota hapa huja wawili wawili, watatu watatu, wakiteta na kucheka njia nzima. Yeye huja peke yake na kurudi peke yake. Ukimsalimu anaitikia vizuri, hata anatabasamu, ila hasimami.

"Nikisimama, batu banaanza kuuliza: Mama, unakaa wapi? Nikisema Katoyi, banauliza avenyu gani. Nikisema avenyu, ile sura inageuka," anasema huku akipanda kilima, macho chini, akichagua pa kukanyaga kwenye mawe ya volkano. "Basi minapita tu."

Ana miaka arobaini na mmoja. Ni wa kabila la Washi, kutoka Kabare, upande wa Bukavu, na kazi yake ni kuwapelekea maji wenye nyumba na wenye vihoteli vya Katoyi, mtaa wa Goma, ambao mabomba yao yamekauka. Siku ikiwa nzuri hurudi nyumbani na faranga elfu tano. Siku ikiwa mbaya hurudi na maumivu ya shingo tu.

Sasa sikiliza ajabu yenyewe. Mbele ya chumba chake cha mbao kuna bomba la mtaa. Akifungua mlango analiona. Usiku maji yakianza kutoka anayasikia kutoka kitandani, pamoja na vicheko vya akina mama na makelele ya madumu yakiburutwa. Na kwa miaka tisa hajakinga pale hata kikombe kimoja.

Mtaani wanamwita Mama Joviale, kwa jina la binti yake wa pekee. Hilo ni jina la mbele ya macho. Akigeuka kisogo wanamwita Mama Meno.

Meno yenyewe yalikuwa mawili, ya mbele, na mwenyewe ni Sidonie.

Sidonie hakuwa mtu baki. Walitoka Kabare pamoja, wakapanda boti moja kuja Goma, wakapanga chumba kimoja kabla hawajaolewa. Joviale alipozaliwa, Sidonie ndiye aliyembeba kwenye ubatizo. Tangu siku hiyo Nshobole hakumwita tena kwa jina. Alimwita Marene, mama wa ubatizo.

Bombani, foleni hawapangi watu. Wanapanga madumu, kila moja na alama yake, na mwenyewe anaweza kurudi nyumbani kupika akijua dumu lake linamshikia nafasi. Mwaka ule, miaka tisa iliyopita, maji yalikuwa yakija mara moja kwa siku kadhaa. Nshobole aliweka dumu lake mapema, akarudi ndani kumnyonyesha Joviale aliyekuwa na homa. Alipotoka, dumu lenye kitenge chekundu lilikuwa limesukumwa nyuma kabisa, na Sidonie alikuwa anakinga.

"Sikuuliza," anasema. "Nilikamata bidon, ile dumu yangu, ilikuwa na maji kidogo ndani, nikapiga. Mpaka leo sijui ni nani aliisogeza. Pengine ni yeye, pengine ni mutoto alikuwa anacheza. Sikuuliza."

Meno mawili ya Sidonie yalitoka pale pale, na polisi wakamchukua Nshobole na mtoto mgongoni. Alilala kasho, mahabusu ya polisi, siku nne. Walipomwambia akubali kosa na alipe faini aende zake, alikubali mbio. Mume wake, Munguakonkwa, aliuza godoro na redio ili kulipa. Baadaye Munguakonkwa alikwenda Walikale kutafuta dhahabu, na habari zake ziliishia huko.

Nshobole alitoka kasho akiwa na hasira. Aliona kwamba amelala juu ya saruji kwa ajili ya Sidonie, amepoteza godoro kwa ajili ya Sidonie, basi wamelipana. Hasira ilipokwisha ikabaki aibu, na aibu ikawa nzito kuliko hasira. Akaanza kwenda ziwani.

Anakumbuka vizuri mara ya kwanza kosa hilo lilipomfuata kazini. Alikuwa ameomba kufanya usafi kwenye zahanati moja ya jirani, na wakampenda. Walisema kesho yake watatuma mtu aulize mtaani anakoishi, kawaida tu. Yule mtu alifika, na kwa kuwa hakumjua yeyote, aliuliza pale penye watu, bombani.

"Aliuliza ku robine," anasema Nshobole, na kwa mara ya kwanza anacheka, kicheko kikavu. "Goma nzima, ukitaka kujua habari ya mutu, unauliza ku robine. Banamujibu: Ule wa meno? Kazi ikaisha pale pale."

Ikawa hivyo hivyo kwenye jiko la shule moja, na kwa familia moja iliyotaka mfanyakazi wa ndani. Hakuna aliyemwambia kitu usoni. Walimwambia arudi wiki ijayo, na wiki ijayo walimwambia nafasi imejaa. Kwa polisi shauri lake lilifungwa zamani. Bombani halikufungwa.

Miaka miwili iliyopita alimpandisha Joviale kwenye boti akakae na bibi yake Bukavu, kwa sababu ada ya shule ilimshinda. Ndani ya chumba amebaki yeye, madumu mawili na sanamu ndogo ya Bikira Maria. Jumapili hukaa benchi la mwisho kanisani ili atoke wa kwanza.

"Wakati mwingine nasema kitu kwa sauti, nisikie tu kama sauti ingali iko," anasema.

Mwaka huu kamati ya maji imejenga bomba jipya upande wa juu wa mtaa na inatafuta mtu wa kulitunza: kufungua, kufunga, kusimamia foleni, kuosha sakafu. Ni kazi yenye mshahara wa mwezi. Nshobole alipiga hesabu zake kimya kimya akaona kwamba, akiipata, Joviale anaweza kurudi kabla shule hazijafunguliwa. Akapiga moyo konde, akaomba.

Walitaka kitu kimoja tu kutoka kwake, cheti cha mwenendo mwema, na cheti hicho huanzia kwa shefu wa avenyu, mkuu wa barabara anayoishi mtu.

Papa Bashige ni shefu wa avenyu hiyo tangu kabla ya lile pigo. Ni mzee mwenye maneno machache na kofia ya pamba asiyoivua hata jua likiwaka. Alimpa Nshobole kiti, akamwambia ukweli.

"Mama Joviale, mimi sina neno na weye. Lakini ile karatasi siiandikake na kichwa yangu. Minaulizaka bajirani, na jirani wa kwanza ni ule ulimukosea."

"Lakini papa, nililipa amande, ile faini. Kesi ilikwisha."

"Ulilipa nani?"

Nshobole anasema alianza kutaja polisi waliopokea pesa.

"Ulilipa Leta," Papa Bashige akaendelea. Leta ndiyo serikali. "Meno yalikuwa ya Leta? Miaka tisa nasikia amande, amande. Sidonie alipata nini? Weye ni mutoto ya Kabare. Kule, mutu akimuumiza mwenzake, anapelekaka nini?"

Alijua jibu. Kwao, aliyekosa hubeba chombo cha kasiksi, pombe ya ndizi, akaenda nacho kwa aliyekosewa, na mzee wa kumsemea. Aliyekosewa akisamehe, pombe inanyweka na chombo kinarudi kikiwa na kitu kidogo ndani, hata viazi viwili. Akikataa, chombo kinarudi kama kilivyokwenda, kimejaa, na hapo hakuna wa kubembeleza tena.

"Nilizani mu ville ni Leta inamalizaka maneno ya batu," anasema Nshobole. "Kule kijijini bazee bangenishika mukono siku ya pili. Hapa hakuna aliyenishika mukono, na mie nikajisemea, basi imekwisha. Nililipa Leta. Mwenye meno sikumulipa."

Alinunua kasiksi. Hakuwa na chombo kingine, akaijaza kwenye dumu lake lile lile lenye kitenge chekundu. Hakuwa na mzee wa kumsemea pia. Mume hayupo, ndugu wako ng'ambo ya ziwa, na marafiki aliwapoteza siku moja pamoja na yale meno. Alikwenda peke yake, mchana kweupe, mtaa mzima ukimtazama.

Sidonie anauza sambaza, dagaa wa ziwani, kibarazani kwake. Ana tabia ya kuziba mdomo kwa ncha ya kitenge kila anapotaka kucheka, na wateja wanaomjua zamani wanasema hakuwa hivyo. Alimwona Nshobole akitua dumu, akaendelea kupima samaki.

"Marene," Nshobole akasema. "Nimekuya. Nimechelewa."

"Umechelewa sana."

"Ni kweli."

Sidonie akafunga samaki, akampa mteja, akangoja mteja aondoke. Ndipo akauliza, "Umekuya juu ya meno yangu, ao juu ya ile kazi?"

Ni swali ambalo mtu angeweza kulijibu kwa uongo kwa urahisi. Nshobole akasema ukweli.

"Kazi njo imenisukuma. Bila kazi ningekufa na haya yangu mu nyumba. Lakini pardon ninaomba ni ya meno."

Sidonie hakumtazama. "Acha bidon pale. Enda."

Akaenda. Siku zilizofuata alizipitisha na dumu moja, roho mkononi. Kila hatua nje ya mlango ilimsimamisha. Kasiksi haikai, baada ya siku chache inachacha, na yeye alikuwa akihesabu uchachu huo kichwani. Hakuna aliyebisha hodi.

Kisha asubuhi moja, akitoka kwenda ziwani, mguu wake uligonga kitu kizingitini. Lilikuwa dumu lake. Aliliinua kidogo kwa mpini. Lilikuwa limejaa.

"Sikufungua," anasema. "Nilijua basi, anarudisha pombe yangu. Niliiburuta mu nyumba mbio, batu basione. Nikaenda ku kazi na ile bidon ingine. Siku ile nililia njia yote, nikasema ni jasho."

Jioni akaamua kuimwaga, maana pombe iliyokataliwa hainyweki. Akafungua kifuniko akigeuza uso, akingoja harufu ya ndizi zilizochacha. Hakusikia harufu yoyote. Akachovya kidole, akaonja. Yalikuwa maji. Tena hayakuwa maji ya ziwa, ambayo ulimi wake unayajua kama chumvi ya chakula chake. Yalikuwa na ile ladha nyepesi ya dawa, maji ya bomba la mtaa.

Alikaa chini. Ilimchukua muda kuelewa kilichofanyika. Ili dumu lijae pale, ni lazima mtu alipange. Sidonie aliliosha pombe, akalibeba mbele ya akina mama wote, akaliweka kwenye foleni na kitenge chake chekundu ambacho hakuna asiyekijua, akasimama kando yake mpaka zamu yake ifike. Miongoni mwa wale waliokuwa wakisema "ule wa meno", hakuna aliyelisogeza.

Tulipomuuliza Sidonie, aliziba mdomo kwa kitenge. "Bidon yake ilikuwa kwangu, na mie nilikuwa naenda ku robine. Munataka niseme nini tena?" Kisha akatuuliza kama tunanunua sambaza au tunamzibia wateja.

Papa Bashige yeye anasema habari hiyo ilimfikia kabla hajanywa chai. Cheti amekitia mhuri. Kamati itakaa Jumapili baada ya misa, na kuna waombaji wengine wawili ambao hawajawahi kumpiga mtu. Nshobole hajui watamchagua nani, na hajidanganyi.

Yeye na Sidonie bado hawajaongea. Maji yale amekunywa kikombe kimoja, mengine ameyaweka kwenye sufuria na kuyafunika na sahani, kama chakula cha mgeni. Joviale alipopiga simu kuuliza kama atakuja kuchukuliwa, mama yake alimjibu kwamba bado anangoja, ila safari hii hangoji peke yake.

Dumu tupu limeoshwa, limesimama mlangoni. Kesho, maji yakianza kutoka, hatakwenda ziwani. Atavuka njia.

"Sitauliza nani aliniweka nyuma," anasema, akikaza fundo la kile kitenge chekundu. "Nitauliza tu: nani wa mwisho? Nitaweka bidon yangu nyuma yake, na mie nitasimama pale."