Kishikio cha Kumi na Mbili

Merle Kunselman alikuwa na bunduki kumi na moja na ruhusa ya kununua ya kumi na mbili. Ruhusa ilitoka kwa mkewe, Lois, siku Merle alipomaliza kutengeneza kabati la mbao lenye vishikio kumi na viwili. Lois alilizunguka kabati, akalisifu, kisha akasema, "Likijaa, basi. Ya kumi na tatu ikiingia, mimi natoka." Merle alikubali haraka, maana wakati huo kabati lilikuwa nusu tupu.

Mimi ni jirani yao. Nimekaa kwenye milima hii ya Pennsylvania miaka mingi kiasi kwamba sishangai tena shule zikifungwa Jumatatu ya kwanza ya msimu wa kulungu. Bunduki sizipendi wala sizichukii. Ila nakiri kwamba kile kishikio kimoja kilichobaki kitupu kilinichosha kuliko vile vilivyojaa, kwa kuwa Merle alikizungumzia kwa miaka miwili mfululizo, jikoni kwangu, akinywa kahawa yangu.

Mara alitaka bunduki ya marisau ya kuwindia bata mzinga. Mara akataka ya kijeshi ya zamani, kisha akaona itakaa kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji. Maana zake zote zilikuwa za kiwanda kimoja, zote za wenzo, yaani zile unazozipakia kwa kushusha na kupandisha chuma kilicho chini ya kifyatulio. Na zote zilikuwa hazijaguswa. Kwa wakusanyaji neno hilo ni kama ubatizo. Bunduki ikiwa na mikwaruzo na kutu ya miaka mia, wanaivulia kofia. Ikipigwa msasa na kupakwa vanishi ing'ae, hawaiiti tena bunduki, wanaiita kuni.

Mwishowe aliamua. Katika mfuatano wake lilikosekana toleo moja, la miaka ya ishirini, na bila hilo asingemshinda Gib Rearick. Kila Februari wazima moto wa kujitolea hufanya maonyesho ya bunduki ukumbini kwao. Wakusanyaji hupanga meza, wazee watatu hupita wakikagua, na meza moja hupewa utepe wa bluu. Gib alikuwa ameuchukua miaka minne, na alikuwa na tabia ya kuuvaa akienda kununua maziwa.

"Mwaka huu atavaa shati tupu," Merle aliniambia. Mfanyabiashara mmoja aitwaye Vance alikuwa ameipata hiyo ya miaka ya ishirini, haijaguswa, na angemwekea mpaka saa sita mchana siku ya maonyesho.

Kabla sijafika huko, lipo jambo Merle aliwahi kunieleza mara moja tu, tukipasua kuni. Baba yake, Clair, alikuwa na bunduki ya wenzo aliyoirithi. Kila alipoua kulungu alichonga alama kwenye kitako kwa kisu. Zilifika kumi na moja. Mwaka 1974 Merle, akiwa na miaka kumi na tisa, alitaka kumfurahisha mzee. Juma la Sikukuu ya Shukrani, siku chache kabla ya msimu, aliichukua bunduki kwa siri, akashuka nayo chini ya nyumba kwenye baridi, akapiga msasa mpaka alama zote zikaisha, akapaka vanishi. Alama moja ilikuwa na kina, akaisugua hadi akaacha kibonde cha ukubwa wa kidole gumba.

Clair aliipokea, akaigeuzageuza. "Inang'aa," akasema. Hakusema zaidi. Jumatatu akaenda msituni na bunduki ya kuazima kwa shemeji yake, na ile ya kung'aa ikabaki ukutani.

Merle aliona aibu iliyomhamisha mji. Machipuo yaliyofuata alienda Ohio kufanya kazi kiwanda cha chuma. Huku kwetu, kila mwanamume aliye mbali hurudi nyumbani Jumatatu ile, hata kama amegombana na mama, baba na mbwa. Merle hakurudi. Miaka minane alisingizia zamu za kiwandani. Kisha Clair akafa, na kaka mtu, Dwight, akaiuza bunduki kabla maua ya kaburini hayajanyauka. Merle hakumuuliza aliiuza kwa nani.

"Ndiyo maana napenda zisizoguswa," aliniambia siku ile, akaendelea kupasua.

Basi tulifika ukumbini asubuhi, mwaka ambao Merle alikuwa amefikisha sitini. Lois alikuwa kwenye dirisha la jikoni la ukumbi pamoja na wake wa wazima moto, akigawa supu ya maharage. Merle alipanga meza yake, bunduki kumi na moja na pengo la moja katikati, kisha tukaenda kwa Vance.

Ile ya miaka ya ishirini ilikuwa nzuri, hata mimi niliona. Merle aliivulia kofia kweli. Alitoa bisibisi yake ndogo na kufungua bamba la chuma linalofunika mwisho wa kitako, maana ndivyo wanavyofanya wote: rangi ya mti uliofichwa chini ya bamba huwaambia kama huo wa nje umechezewa. Haukuchezewa. Akafunga skrubu, akaniambia, "Lete kalamu, nijaze fomu."

Akiwa anaisubiri kalamu, macho yake yalianguka kwenye kreti chini ya meza. Kulikuwa na vitako na mitutu, na bunduki moja nzima, nyekundu na inayong'aa kama meza ya mapokezi.

"Hiyo achana nayo," Vance alisema. "Kuni hiyo. Nimeipata kwa marehemu mmoja kule bondeni, nitaivunja nitoe vipuri."

Merle aliinama akaichukua. Kidole gumba chake kilienda chenyewe mpaka kwenye kibonde, kikatulia pale. 

"Nani amekukosea, mzee wa makumbusho?" Gib alikuwa amekuja nyuma yetu, utepe wa mwaka jana kifuani. "Usiniambie unainunua hiyo. Wazee watakufukuza na meza yako."

 Nadhani ni mazoea tu yaliyompeleka Merle kwenye bisibisi. Alifungua skrubu mbili, bamba likatoka na vumbi. Kwenye mti ule mkavu, usiofikiwa na msasa wala vanishi, kulikuwa na alama ndogo za kisu, zimepangwa kwa ustaarabu. Kumi na moja. Chini yake kulikuwa na nyingine saba, na kila moja imeandikwa mwaka kwa penseli. 75, 76, 77, 78. Hakukuwa na 79, mwaka ambao Clair alivunjika mguu. Kisha 80, 81, 82.

Merle aliketi kwenye kreti la Vance bila kuomba.

"Aliitumia," alisema. "Kila mwaka. Mimi niko Ohio."

Lois aliona kutoka dirishani kwamba mumewe amekaa vibaya, akaja na upawa mkononi. Alitazama zile alama, akaelewa, kwa kuwa yeye pia alikuwa ameisikia hadithi ile. Kisha akauliza swali ambalo Merle hakujiuliza miaka arobaini.

"Uliipaka vanishi lini?"

"Alhamisi. Siku ya sikukuu yenyewe."

"Kule chini, kwenye baridi? Na yeye akaondoka Jumatatu alfajiri?"

"Ndiyo."

"Merle, ilikuwa imekauka?"

Gib, ambaye amepaka vanishi boti na viti maisha yake yote, alikohoa. "Kwenye baridi ile? Juma zima ingekuwa inanata," alisema polepole. "Angerudi nayo imeota majani na manyoya."

 Merle alikuwa anapapasa kitako kama anayetafuta mahali palipokuwa pananata. Ilikuwa saa sita kasoro dakika chache, na Vance aliitazama saa, si kwa ubaya.

"Chukua zote mbili," Lois alisema. "Leo nakuruhusu ya kumi na tatu."

Merle alitikisa kichwa. "Nikizichukua zote, ile nzuri itakaa mezani na hii nitaificha kwenye gari. Najijua." Akamrudishia Vance ile ya miaka ya ishirini kwa mikono miwili. "Niandikie hii ya baba."

Alijaza fomu, Vance akapiga simu ya uhakiki ambayo sheria inadai kwa kila mnunuzi wa bunduki, na Merle akaenda kuiweka katikati ya meza, kwenye pengo. Wazee watatu walipofika walisimama, wakaitazama, wakatazamana. Mmoja alimuuliza Merle kama amekosea. "Nilikosea, ndiyo," Merle akasema. Wakapita. Utepe ulienda kwa Gib, na nitasema hili kwa faida yake: siku ile hakuuvaa.

Novemba, Jumatatu ile ya kwanza ya msimu, Merle alitoa bunduki kabatini kwenda nayo msituni, jambo ambalo hakuwahi kuifanyia hata moja katika mkusanyo. Alienda kukaa pale Clair alipokuwa akikaa, juu ya kijito. Saa nne asubuhi tulisikia mlio mmoja.

Nilimsaidia kumning'iniza kulungu kwenye banda. Alipokwisha kunawa, Merle alichukua bunduki na kisu chake cha mfukoni. Nilidhani atafungua bamba aandike chini ya miaka ya baba yake. Hakufungua. Alichonga alama moja nje, ndani ya kile kibonde, mahali ambapo kila mtu angeiona.

Lois alikuwa amesimama mlangoni na kahawa.

"Umeiharibu tena?" aliuliza.

"Ndiyo," Merle akasema, akapuliza vumbi la mti, akaipeleka kwenye kishikio chake.