Raba za Harusi Yetu

Mke wangu alitangaza uamuzi wake huku akipepeta mbaazi, bila kuniangalia.

"Nitaingia kanisani nikiwa nimevaa raba. Kama haiwezekani, tuendelee tu kuishi kama tulivyo."

Tulikuwa tumeishi kama tulivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Mbuzi wa mahari walipelekwa kwao Kitui zamani, wazee wakala na kubariki, nasi tukaja kujenga hapa nje kidogo ya mji wa Wote, tukapata watoto ambao sasa wanajitegemea. Iliyobaki ni harusi ya kanisani, ambayo tuliiahirisha kwa sababu ya karo, kwa sababu ya ukame, kwa sababu ya paa, na mara moja kwa sababu ya ng'ombe. Sasa siku ilikuwa imepangwa, kamati imekaa, hema limelipiwa, na bibi harusi anazungumzia raba.

Sababu niliijua. Mdogo wake alipoolewa kule Kitui, mke wangu alivalishwa viatu vya mchuchumio vya kuazima. Alipofika mlangoni pa kanisa, vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Wenzake wakicheza, yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki, miguu ameificha chini ya meza, anapiga makofi kwa adabu. Naye ni mtu wa kucheza. Huku kwetu bibi harusi hatembei kuingia kanisani. Huingia akicheza, hatua moja mbele, mbili kando, akina mama wamemzunguka na kayamba, kutoka langoni hadi madhabahuni, na waimbaji wakiwa na nguvu safari hiyo inaweza kushinda mahubiri kwa urefu. Hiyo ndiyo aliyoitaka. Keki na picha hakuzijali sana. Alitaka kuicheza njia yote, tangu langoni hadi mbele, bila kutafuta kiti.

Mdogo wake huyohuyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa bibi harusi, na alikuwa amekuja mapema kutoka Kitui kutusaidia.

"Raba? Dada, unaenda kuolewa au unaenda mbio za nyika?"

"Naenda kucheza."

"Watu wetu watasema tumekosa viatu."

"Watu wetu watakuwa wameketi. Mimi nitakuwa nimesimama."

Walibishana hadi mbaazi zikaiva. Mwishowe wakaafikiana: zikipatikana raba nadhifu zinazokaa vizuri na gauni kabla ya Jumamosi ya juma lile, wiki moja kabla ya harusi, sawa. Zisipopatikana, bibi harusi atavaa viatu vyeupe vya mchuchumio ambavyo shemeji alikuwa amekuja navyo tayari. Alivipanga juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo hungeweza kuchukua kikombe bila kuviona.

Nikaamua kuzitafuta mwenyewe, kwa siri, ziwe zawadi. Kazi yangu ni kutengeneza mizani, ile ya wauza nafaka na ya wanunuzi wa maembe. Hakuna aliyenifundisha. Nilinunua mizani mbovu, nikaifungua, nikasoma kila nilichopata kuhusu springi na nyenzo, nikaifunga tena na tena mpaka ikaanza kusema kweli. Kwa hiyo kununua kiatu bila kipimo ni jambo nisiloliweza. Lakini ndala zake zilikuwa zimefutika namba, na kumuuliza saizi kungeharibu siri.

Asubuhi moja tulienda mtoni kuchota maji. Miezi ya jua mto wetu huwa mchanga mtupu, na maji tunayachimba kwenye kisima kifupi. Wakati wa kurudi nilimwacha atangulie na mtungi uliojaa, nami nikabaki nyuma nikikagua nyayo zake mpaka nikaona moja iliyokamilika, kisigino hadi kidole gumba, safi kana kwamba imepigwa muhuri. Nikapiga magoti, nikatoa rula yangu ya chuma, nikapima. Nikapima tena, jibu likawa lilelile, nikafurahi.

"Umeangusha nini?" akaniita kutoka mbele.

"Skrubu."

"Mtoni?"

"Skrubu huanguka popote."

Duka la viatu katikati ya mji lilikuwa limetundika bango jekundu: OFA YA KIANGAZI. Kiangazi chetu hakijawahi kumpa mtu ofa ya kitu chochote isipokuwa vumbi, kwa hiyo niliingia haraka kabla hawajabadili mawazo. Mwenye duka alikuwa mama wa rika langu, kilemba cha manjano kichwani, tepu ya kupimia shingoni.

"Karibu mzee. Kuangalia ni bure, kushika ni bure. Kunusa ndiyo tunaanza kulipisha."

Nilijua ninachotaka: raba za muundo ule wa zamani usiochosha macho, soli bapa, juu turubai, bila maandishi na bila mistari ya kung'aa. Palikuwa hata na zenye taa za kuwaka kisiginoni, nikazipita kwa heshima. Kila niliyoishika niliikunja nione inapinda wapi, kwa maana raba nzuri hupinda penye vidole, si katikati ya wayo. Nikavuta mishono. Nikabonyeza visigino. Nikaingiza mkono ndani kutafuta uvimbe wa gundi. Nikaziweka mezani mbili mbili nione kama zinasimama sawa.

"Mzee," akasema yule mama, "unanunua kiatu au unaoa?"

"Vyote viwili."

Alicheka hadi akaegemea rafu. Nilipomweleza, akaleta jozi nyeupe kabisa, nyepesi, nadhifu, ya mwisho katika kipimo nilichotaja. Kisha akaleta nyingine kama hizo, kubwa zaidi. "Na bwana harusi je? Utasimama pembeni yake na hivyo?" Akaelekeza kidevu kwenye viatu vyangu vyeusi vya ngozi.

Sikuwa nimevaa raba tangu niache shule. Nikafunga kamba, nikasimama, na kitu fulani kikanipanda kutoka kwenye nyayo. Nikatembea hadi mlangoni, nikarudi. Kioo cha duka kilikuwa kifupi, kinaonyesha magoti kwenda chini tu, na ile miguu niliyoiona humo ilikuwa ya mtu mwingine, mtu asiye na haraka na mwenye habari njema. Nikaenda tena mlangoni. Mara ya tatu nikajifanya naangalia hali ya hewa.

"Jua lingalipo?" akauliza mwenye duka.

"Lingalipo," nikasema, nikarudi kwa hatua ndefu kidogo.

Nikanunua jozi zote mbili.

Nyumbani mke wangu alifungua boksi, akapiga kelele, akavaa, akasimama. Kisha akapiga hatua, na mguu ukatangulia, raba ikafuata baadaye. Nyuma ya kisigino palibaki nafasi ya kuingiza gunzi la mahindi.

"Hivi si viatu," shemeji akasema. "Hii ni mitumbwi ya kuvukia mto Athi. Mpeni kasia."

"Ulijuaje saizi yangu?" mke wangu akauliza.

Nikaeleza. Akanitazama, kicheko kikianza kumchezesha midomo.

"Kwa hiyo ile skrubu..."

"Ndiyo."

"Baba, ulipima mchanga! Hukupima mguu!"

Aliponiambia tu nikaliona kosa lote. Mchanga mkavu huporomoka kingo, kisigino huburuta kabla ya kukanyaga, kidole gumba husukuma kinapoondoka. Mguu wa mtu mwenye mtungi wa maji huacha alama ya mtu mrefu kumshinda yeye mwenyewe. Mke wangu alikuwa ameshika pipa la maji kwa mikono yote miwili, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka. Nami nikashindwa kujizuia. Shemeji peke yake ndiye aliyeacha kucheka mapema, akageuza macho juu ya kabati.

"Kesho ni Ijumaa," akatukumbusha.

Ijumaa tulikwenda dukani sote watatu. Mwenye duka alizipokea zile raba, kwa kuwa hazikuwa zimekanyaga nje. Kisha akatafuta, akapanda ngazi, akashuka mikono mitupu.

"Nyeupe za mguu wa mama zimeisha."

"Basi," shemeji akasema. "Mungu amesema."

"Mungu amezungumzia nyeupe tu," mke wangu akamjibu, akaketi kwenye stuli na kuvua ndala. "Mama, niletee zote za mguu wangu. Rangi yoyote."

Za buluu zilifanana na sare ya shule. Nyeusi, shemeji akasema, ni za matanga. Alipovaa za manjano, mwenye duka mwenyewe akazirudisha. Kisha zikaja nyekundu, nyekundu iliyoiva kama tofali, soli nyeupe na kamba nyeupe, muundo uleule wa zamani. Mke wangu akazivaa polepole. Akasimama. Akajaribu vidole ndani. Halafu, katikati ya rafu, akapiga hatua moja mbele, mbili kando.

Mwenye duka akaanza kupiga makofi. Wateja wawili, akina mama waliokuja kutafuta ndala, wakaanzisha wimbo wa kuingiza bibi harusi, na mke wangu akacheza hadi ukutani, akageuka, akacheza kurudi. Shemeji alisimama ameukumbatia mkoba wake, uso wa kamati nzima. Alivumilia ubeti wa kwanza. Katika ubeti wa pili mabega yalimsaliti, na wa tatu ulipofika alikuwa tayari nyuma ya dada yake, viatu vyake mkononi.

"Na saizi yangu?" akauliza akihema. "Saizi yangu ipo?"

Alasiri ile uwanja wetu uligeuka ukumbi wa mavazi. Gauni lilikuwa la rangi ya maziwa, na mkanda wa kitenge kiunoni ambao, kwa bahati, ulikuwa na mauamaua mekundu. Lilikuwa limeshonwa la kuburuta, kwa kufikiria visigino. Nikapendekeza pindo lipandishwe hadi juu kidogo ya kifundo cha mguu, ili raba zionekane kwa makusudi, si kama siri iliyochungulia. Shemeji akaweka pini. Suruali yangu ya buluu iliyoiva tukaikunja mara moja, mara mbili tukaona imezidi, tukarudi kwa moja. Soksi fupi zisizoonekana. Kamba zifungwe bapa, mafundo madogo. Kisha nikaamriwa nitembee kutoka jikoni hadi kwenye tangi, kuku wakinikimbia. Jirani akatuchungulia juu ya ua.

"Jirani! Mnaenda kucheza mpira?"

"Mechi ni Jumamosi ijayo!" mke wangu akamjibu. "Usichelewe!"

Jumamosi hiyo nilisimama mbele ya kanisa katika raba zangu nyeupe, mgongo kwa mlango kama nilivyoelekezwa. Nilisikia kayamba zikianza langoni. Nilizisikia zikipita tangi la maji la kanisa, zikakaribia ngazi, vigelegele vikipanda. Kisha wimbo ukakatika.

Kanisa zima likageuka. Nikawaza vidole, nikawaza kiti cha plastiki, na nikakiuka maelekezo nikageuka na mimi. Mlangoni hapakuwa na mtu. Mzee wa kanisa akaja haraka kati ya viti, akainama kwa mchungaji, lakini alinong'ona kwa sauti ya watu waliozoea kuita ng'ombe.

"Amerudi langoni na kundi lote. Anasema walianza kwa haraka, hajatosheka."

Kwa mbali kayamba zikaanza upya, taratibu zaidi. Mchungaji akafunga Biblia juu ya kidole chake ili asipoteze ukurasa, akavuta kiti, akaketi.