Namba Aliyopewa Odeta

Ukutani pale shuleni kwetu, Buswelu, pameandikwa kwa rangi nyeusi: 1,111,111 HAIGAWANYIKI. Ni uongo, na kila mwaka wanaurudia rangi. Nikipita hapo nasonya.

Mwaka wa tisini na tano Mwalimu Luhaga wa hisabati aliiandika namba hiyo ubaoni, moja tupu saba, akauliza kama ipo namba inayoigawa bila baki. Tulijaribu tatu, saba, kumi na moja, zote zikabakiza. Akatueleza kuwa inatosha kujaribu namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na zenyewe, hadi kufika elfu moja na hamsini hivi, maana kigawanyo kikubwa kuliko hapo lazima kiwe na mwenzake mdogo. Basi akatugawia, darasa la sita na la saba, kama alivyotugawia miche ya kumwagilia, kila mtu na yake. Odeta, niliyekaa naye, alipata 239.

Kesho yake ikatoka amri: asiye na dawati arudi nyumbani. Enzi hizo kila kitu kilikuwa mchango wa mzazi. Baba yake, mzee Nkwabi, alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha pamba. Mbao angezitoa wapi? Odeta akaondoka na namba yake.

Siku ya majibu kila mmoja wetu alisema, "Ina baki." Nikakumbusha kuwa Odeta hayupo.

"Namba moja haitaharibu kitu," akasema Mwalimu Luhaga. Mgeni wa wilaya alikuwa anakuja, na mchoraji alishakoroga rangi ya kuandika jibu ukutani. Jamani! Katika hesabu ya namna ile, moja ndiyo inayoharibu kila kitu.

Jioni Odeta akaja mbio na kipande cha mfuko wa saruji alichofanyia hesabu. 239 mara 4,649, baki hakuna. Alikuwa anacheka. Aliamini kabisa kwamba jibu lile litamrudisha darasani. Mwalimu Luhaga alizidisha mwenyewe, akarudia, kisha akampeleka kwa Mwalimu Mkuu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Dawati umekuja nalo?"

"Hapana, Mwalimu. Nimekuja na jibu."

Mwalimu Mkuu akautazama ukuta, rangi bado mbichi. "Jibu utalikalia?"

Mwalimu Luhaga alisimama pale pale, akiangalia viatu vyake. Nilimchukia siku ile na sijaacha.

Odeta hakurudi tena shuleni. Siku hizi anakaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishapelekwa Ulaya. Juzi nilimwambia nimenunua rangi nyeupe, nakwenda kuufuta ule uongo.

"Uache hivyo hivyo," akasema bila kuinua macho kwenye karai. "Mwanangu anasoma pale. Naye anakaa chini; wasije wakamuuliza dawati."